Lenzi Fupi Alfajiri ya Kabuchai

Kitu cha kwanza nilichouliza katika studio ile ya Kitale ni kwa nini kioo cha kamera kilikuwa na rangi ya zambarau, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Sikuwa mteja. Nilikuwa nimetoka kupakua magunia ya mahindi kwenye ghala la jirani, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, nikasimama mlangoni kwa sababu niliona kamera mezani, lenzi yake imetolewa na kuwekwa kando. Mwenye studio, mama wa makamo aliyevaa sweta hata jua likiwaka, hakunifukuza. Aliipangusa lenzi kwa kitambaa laini akaniambia kwamba ni dawa iliyopakwa ili mwanga usirudi ulikotoka. Nikauliza ni dawa gani. Akasema hajui. Nikauliza nani anajua. Akacheka, akaniambia nikanawe uso kwanza.

Nilikaa pale nikimsaidia kazi karibu miaka miwili, na kwa mtu kama mimi hayo ni maisha mazima. Shule niliiacha mapema kwa sababu sikuweza kuketi mahali pamoja, na baada ya hapo nilikuwa nimeosha vyombo katika hoteli ya Bungoma, nimechunga ng'ombe wa watu Cheptais, nimetengeneza baiskeli, nimechimba visima. Kila kazi niliiacha nilipoona nimeshaelewa inavyofanya kazi. Kupiga picha sikuelewa haraka, ndiyo maana nikakaa.

Wazazi wa mama yule walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati akiwa bado anabebwa mgongoni. Alianza na kamera za filamu, na zamu ya kamera za dijitali ilipofika katika miaka hiyo ya elfu mbili, aliuza mitambo yake ya kusafishia picha, akanunua kamera iliyotumika na kompyuta, akaanza kujifunza upya kama mtoto wa nasari. Sijawahi kuona mtu mzima akijifunza bila aibu namna ile. Alipiga picha moja mara nyingi, kila mara akibadilisha kitu kimoja tu, kisha akaziangalia zote kwenye skrini huku chai yake ikipoa.

Kila Jumamosi alasiri alikuja karani wa ofisi ya ardhi, kijana nadhifu mwenye kamera yake mwenyewe, aliyepiga picha kwa kupenda tu. Alinunua magazeti ya zamani ya kamera kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba na kuyasoma mpaka kurasa zikaachana. Alijua megapikseli za kila kamera hata zile ambazo hatungeziona Kitale kamwe. Nilimpenda kwa sababu na yeye aliuliza maswali. Tofauti yake na mama ni kwamba karani aliuliza kifaa fulani kinaweza kufanya nini, naye mama alimjibu kila mara kwa swali lake lile lile: "Unataka kupiga nini?"

"Kila kitu," karani alisema.

"Basi utabeba duka mgongoni."

Lakini hata mama alikuwa na kishawishi chake. Kitale ile watu walimpima mpiga picha kwa urefu wa lenzi. Kwenye harusi, aliyekuja na lenzi ndefu kama chupa ya chai alipewa kiti na soda, na sisi wenye lenzi fupi iliyokuja na kamera tuliombwa tusogee kidogo tusimzuie bwana yule wa lenzi ndefu. Mama alikuwa ameweka akiba ya kununua kitu kimoja, kimoja tu, na kwa miezi mingi tulijadili kingekuwa kipi. Kamera mpya yenye megapikseli zaidi? Lenzi ya kuvuta, ambayo karani alikuwa nayo na alikuwa tayari kuisifu mpaka jioni? Mama alisikiliza, hakununua.

Kilichotuamulia kilikuja kutoka sokoni. Kulikuwa na mama mmoja wa Kabuchai aliyeuza ndizi Kitale, mjane mwenye wana watatu, na picha za vitambulisho za familia yake zote zilikuwa zimepigwa kwetu. Siku hiyo aliingia bila kikapu, akaketi kwenye kiti cha wateja. Mwezi wa nane ulikuwa unakaribia, na ulikuwa mwaka wa tohara. Kitinda mimba wake angesimama.

Alitueleza kwa utaratibu, maana mama wa studio hakuwa wa kwao na mimi nilizaliwa kwenye shamba la mahindi nje ya Kitale. Kijana hupelekwa mtoni kabla ya jua kutoka, hupakwa matope mwili mzima, kisha hurudishwa mbio mpaka uani ambako watu wamekwisha kukusanyika. Hapo husimama wima mbele ya mkataji, na hatakiwi kutikisika wala kupepesa macho. Akipepesa, ameogopa, na jambo hilo halisahauliki. Kwa kifungua mimba wake familia ilikuwa imemwita mpiga picha kutoka mjini. Mtu huyo aliwasha flashi usoni pa kijana wakati ule ule mkataji alipoinama, na kijana akapepesa. Mpaka leo, wanaume wakiketi kunywa pombe ya busaa, kuna mmoja atakayemkumbusha. Ndugu wa marehemu mume wake, ambaye ndiye msimamizi wa boma, aliapa kwamba hakuna taa itakayowashwa tena katika uwanja ule. Mtoto wa pili alisimama bila picha yoyote.

"Na wewe uliwaonaje?" mama wa studio alimuuliza.

"Mimi huwa ndani," alisema. "Kwetu mama hatoki. Nasikia watu wamenyamaza, halafu nasikia firimbi kwamba kazi imekwisha. Uso wa mtoto sijawahi kuuona, hata mmoja. Huyu ni wa mwisho."

Alipoondoka, mama alirudi mezani kwake. Aliichukua kamera, akaitazama flashi yake, akaifunga kwa kidole.

Karani, Jumamosi hiyo, hakuwa na shaka. Watu watazunguka uwanja, alisema, kwa hiyo dawa ni lenzi ndefu. Unasimama mbali kule kwa mashamba yao ya miwa na unamvuta kijana mpaka mbele yako. Alitoa yake ikajaribiwe, tena kwa moyo mweupe. Kesho yake kulipokuwa kunapambazuka mama alinisimamisha nyuma ya studio, karibu na tangi la maji, akanipaka majivu ya jiko usoni na kifuani niwe badala ya kijana, akanipiga picha kutoka upande wa pili wa uwanja. Nilitokea kama moshi. Aliongeza usikivu wa kamera kwa mwanga mpaka mwisho, na sasa nilikuwa moshi wenye chembechembe, kama unga wa mtama uliomwagika. Lenzi ile ilikuwa ndefu lakini tundu lake la kupitisha mwanga lilikuwa dogo. Ili ione, ilibidi kamera ikae wazi muda mrefu, na muda huo mkono hutetemeka na mtu hupumua.

Karani aliinamia skrini kwa huzuni ya kweli. Akasema basi tatizo ni kamera, inunuliwe mpya.

"Kamera si kipofu," mama alisema. "Ni mlango wake ndio mdogo."

Kulikuwa na mwalimu mmoja mzungu huko Bungoma aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, akiuza vitu vyake barazani. Tulienda mimi na mama. Katikati ya sufuria na vyandarua kulikuwa na katoni ya vifaa vya kamera, na ndani yake, chini kabisa, lenzi fupi ya plastiki, nyepesi, isiyoweza kuvuta wala kusogeza kitu. Mama aliiinua juu ya tochi akachungulia upande wa pili. Kwa baridi na unyevu wa kwetu, lenzi nyingi za mitumba huwa zimeota ukungu ndani, nyuzi nyembamba kama miguu ya buibui, na hapo hata ukipewa bure unakataa. Hii ilikuwa safi. Kisha akasukuma kijiti kidogo kwa ukucha na tundu likafunguka. Nilipochungulia niliona karibu kioo kizima ni tundu. Mwanga uliingia kama watu wanaotoka kanisani.

Akiba yake ikaenda hapo. Karani alipoiona alisema, kwa upole, "Lakini mama, hiki si ni kifuniko?"

Asubuhi iliyofuata nilipakwa majivu tena. Picha ilitoka na kope zangu zinahesabika. Tulifurahi sana, na mama wa ndizi alipokuja tulimwonyesha kwa fahari. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Huyu alikufa lini?"

Hatukuelewa. Akaeleza kwamba majivu ni meupe, na matope ya mtoni kwao ni meusi, mazito, tena yamelowa. Hakuna mtu Kabuchai angeweza kukosea hivyo, lakini mama wa studio na mimi tulikuwa tumeyasikia matope kwa masikio tu. Safari iliyofuata mama wa ndizi alituletea matope yenyewe katika kopo la mafuta ya kupikia, limefunikwa kwa jani la mgomba. Yalikuwa baridi kama chura. Nilisimama tena kando ya tangi nikitetemeka, na picha ikaonyesha shimo jeusi lenye macho mawili. Matope yalikuwa yanakunywa mwanga. Mama aliposogea karibu, kamera yenyewe ilidanganyika: ilipoona weusi mwingi, ilidhani kuna giza kuliko lilivyo, ikakaa wazi zaidi, na mimi nikawa moshi tena.

Hapa ndipo nilipomstahi mama yule kuliko watu wote niliowahi kufanya kazi nao. Hakulaumu lenzi wala hakusema heri tungenunua kamera mpya. Aliacha kuiamini kamera, akaipangia mwenyewe muda na tundu. Kisha akanishika mabega akanigeuza, kidogo kidogo, akipiga kila nilipogeuka, mpaka uso wangu ukaelekea upande wa mbingu ulioanza kuwa mweupe. Matope yaliyolowa yakaanza kung'aa. Paji la uso likaonekana, pua, mfupa wa shavu. Alinionyesha skrini. Nilikuwa nimeona uso wangu maisha yangu yote na sikuwa nimejua una umbo.

Sasa ilibaki kwamba lenzi fupi inataka ukaribu. Tulihitaji kuwa karibu kiasi cha kusikia kijana akipumua, na aangalie mashariki. Vyote viwili vilikuwa mkononi mwa yule msimamizi wa boma.

Tulimkuta kwao Kabuchai Jumapili baada ya ibada, mkulima wa miwa, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Alimsikiliza mama kwa heshima, kisha akakataa kwa heshima. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe kijana, ulikatwa wapi?"

Nikasema hospitalini.

"Kwa sindano?"

"Kwa sindano, mzee."

"Ukalala?"

"Kidogo."

Aliwaita watu wengine waje kuniona. "Huyu alikatwa akiwa amelala, bana. Ni kama kunyolewa." Walicheka mpaka mmoja akaketi chini, na mimi nilicheka pia, maana ilikuwa kweli.

Mama alisubiri kicheko kiishe. Hakubishana. Alitoa plasta kwenye mkoba, ile ya kufunga kidonda, akaibandika juu ya flashi mbele ya macho ya mzee, kisha akampa kamera mkononi na kumwomba apige mwenyewe popote palipo na giza. Mzee aliingiza kichwa ndani ya ghala la mahindi akabonyeza, uso umekunjika, akingoja radi. Hakuna kilichowaka. Akabonyeza tena. Mara akatoa kichwa.

"Na hii nyekundu?"

Ilikuwa taa ndogo ya kamera, ile inayojimulika yenyewe gizani ili ipate kulenga. Mama hakuwahi kuifikiria. Niliona masikio yake yakiwiva. Akakata kipande kingine cha plasta akakifunika, akasema, "Asante, mzee. Hiyo ingetuharibia wote." Nadhani ni hilo neno "wote" lililomlainisha.

Lakini bila taa hiyo kamera isingeweza kulenga alfajiri. Ingebidi mama alenge kwa mkono mapema, mahali hasa atakaposimama kijana. Aliomba mimi nisimame pale kwa dakika moja.

"Akisimama pale," mzee alisema, "tutamalizia kazi ya hospitali."

Badala yangu akachomeka mpini wa jembe ardhini, akaupigilia kwa jiwe. Mama akamuuliza kijana angeelekea wapi. Mzee alionyesha kwa kidevu: nyumba, ambayo sasa ni ya mama wa ndizi. Hivyo ndivyo alivyosimama yeye na ndivyo alivyosimama kaka yake marehemu. Nyumba ilikuwa upande wa mashariki, fupi, ya mabati, na juu ya paa lake hakukuwa na kitu ila mbingu. Mama aliitazama mbingu hiyo kwa muda. Akauliza kama angeruhusiwa kuketi chini, ukutani, kando ya mlango wa nyumba, asiinuke wala asisogee mpaka firimbi. Mzee akafikiri, akasema mtu aliyeketi hamzuii mtu.

Asubuhi ile ya mwezi wa nane ukungu ulikuwa umelala juu ya miwa. Mama aliketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, viwiko juu ya magoti, macho yake yakiwa kwenye ule mpini. Mimi nilichuchumaa pembeni nikiwa na betri ya pili ndani ya shati, kifuani, kwa sababu baridi huimaliza nguvu. Karani alikuwa amekuja pia na lenzi yake ndefu, flashi yake imebandikwa plasta, akisimama kule kwa miwa alikotaka tangu mwanzo. Nyuma yetu, ndani, upande wa pili wa ubao wa mlango, nilimsikia mama wa ndizi akitembea, kisha akiacha kutembea.

Wimbo ulitangulia kutoka mtoni, halafu miguu. Watu wakapisha na kijana akaingia, mweusi wote, anang'aa, unyasi umesimikwa utosini juu ya matope. Mzee aling'oa mpini wa jembe na kijana akasimama pale pale palipobaki shimo. Watu wakanyamaza. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza. Nilitaka mama abonyeze na hakubonyeza. Kijana alikuwa akitazama juu ya vichwa vyetu, kisha akateremsha macho taratibu mpaka yakatulia, na hapo ndipo nikasikia kamera, mlio mdogo kama mtu anayebana kibanio. Mara moja. Baadaye kidogo, mara nyingine. Mkataji alikuwa ameinama, na kijana hakupepesa. Firimbi ikalia na kelele za furaha zikazuka pande zote, na mama akaiteremsha kamera mapajani kama mtu aliyeweka ndoo ya maji chini.

Ilichukua muda kabla mama wa ndizi hajatufikia. Alienda kwanza kwa mwanawe, aliyefunikwa shuka, akaimba, akachezeshwa na wanawake. Jua lilikuwa limeshatoka na karani alikuwa akifanya kazi kwa furaha yote, maana sasa kulikuwa na mwanga na lenzi yake ilikuwa mahali pake: aliwapata wazee wakicheza mlimani, kila mkunjo, bila wao kujua. Picha zile bado nazikumbuka. Alichagua vizuri kwa alichotaka kupiga.

Kisha mama wa ndizi akaja akiwa anahema, akaketi kwenye kigoda alichokuwa ameketi mama wa studio. Skrini ya kamera ile haikuzidi kiberiti. Nilimkinga jua kwa viganja ili aone. Alisogeza uso wake karibu. Mama akabonyeza uso ukakua, ukakua tena, mpaka yakabaki macho na ukingo wa matope.

"Anaangalia nini?" aliuliza.

Mama aliinamia skrini tena. Msimamizi wa boma alikuwa amesimama nyuma yetu, ameinama naye aone.

"Mlango wako, shemeji," alisema. "Alikuwa anaangalia mlango."

Mama wa ndizi aligeuka akautazama ubao ule, hatua moja kutoka bega lake. "Nilikuwa nimesimama hapo hapo," alisema. "Nimeweka mkono."

Alirudi kwenye skrini. Alisema anataka picha hiyo, na haitaki kubwa ya ukutani kama za harusi, wala ndogo. Akainua viganja viwili hewani, vikaachana kiasi, akavishikilia hivyo. Ukubwa huo. Hatukuwa na futi, kwa hiyo mama aliniambia niukumbuke, nami nikaweka viganja vyangu kando ya vyake mpaka mikono yangu ikashika kipimo.

Kitale nilimuuliza mama kama tuyang'arishe matope kidogo kwenye kompyuta. Akasema yaachwe. Karatasi za kawaida hazikulingana na kipimo kile. Tulichapisha kwenye kubwa na karani akaikata kwa rula ya ofisi ya ardhi, ulimi nje kama mwanafunzi. Siku ya soko mama wa ndizi aliingia, akafuta mikono kwenye leso, akaiweka picha mezani. Kisha akaweka viganja vyake pande mbili za uso ule, na vikaenea sawasawa, kama ameushika uso wa mwanawe mwenyewe.